Kamba ya Koko na Kurasa Nilizochana

Kwa miaka mitatu moto wa asubuhi nyumbani kwetu Kasongo uliwashwa kwa sentensi zangu zilizoharibika.

Nina daftari, kwetu tunasema kaye, lenye jalada jeusi na kurasa za mistari. Humo naandika sentensi ninazokutana nazo nikisoma: za watu wanaoandika programu za kompyuta, za wanafalsafa, za wanahisabati. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichofundishwa darasani. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma, baba akasema chuo kikuu kitasubiri kidogo, na mpaka leo kinasubiri. Nafanya kazi kwenye sekretaria karibu na soko, yaani kibanda chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Nawapigia watu chapa barua zao za maombi, natoa nakala za vyeti, nachaji simu kwa paneli ya jua. Wateja wakipungua, nasoma. Vitabu vinanifikia kwa kadi memori, kutoka simu moja hadi nyingine, na vingi vimekwisha kupoteza jalada na kurasa za mwanzo njiani, ndiyo maana mara nyingi sijui ni nani aliyesema nini. Karibu vyote ni vya Kifaransa. Sentensi ikinigusa, naigeuza Kiswahili kwanza ndipo naiandika, kwa sababu Kifaransa hunifanya nijione nimeelewa hata pale ambapo sijaelewa.

Kuna jambo la aibu kuhusu daftari hili, na ni afadhali nilitoe mapema. Ni la tatu. Mawili ya kwanza niliyaua mwenyewe. Nina sheria kwamba ndani yake pasiwe na neno lililokatwa. Kalamu ikimwaga wino, herufi ikiinama, au kesho yake nikipata neno zuri zaidi, nachana ukurasa na kuandika upya. Lakini daftari limeshonwa katikati, kila ukurasa una pacha wake upande wa pili, na ukiuchana mmoja pacha naye hulegea na kutoka. Basi nao naunakili upya, na nikiunakili nakosea, nauchana. Daftari la kwanza lilikuwa na kurasa mia moja. Lilipokwisha lilikuwa limebaki na sentensi kumi na tisa.

Kuna sentensi moja ya hisabati ilinichukua siku tisa. Ilikuwa inasema kwamba uthibitisho ni njia ambayo mtu yeyote anaweza kuipita bila kumwamini aliyemtangulia. Siku tisa zote nilikuwa nagombana na neno moja, kama ni uthibitisho au hoja au ushahidi. Nilikuwa naamka nalo na kula nalo. Mama aliniuliza kama naumwa.

Kurasa nilizochana zilikwenda kwa koko. Koko ni bibi yangu, mama wa mama yangu. Anaishi nasi tangu babu alipofariki, na macho yake yana mtoto wa jicho, kiasi kwamba anaona mwanga na kivuli tu. Kwa kuwa hahitaji kuona ili afanye kazi, ndiye anayewasha moto kabla ya wote. Na kwa desturi yetu, bibi humwita mjukuu wake wa kiume bwana, akamtania kama mume, naye mjukuu ana ruhusa ya kumjibu vivyo hivyo; mjukuu wa kike humwita mukemwenzangu.

"Bwana yangu, leta karatasi."

"Hii hapa, koko."

"Soma kwanza. Siwezi kuchoma kitu yenye sijajua."

Nikawa nasoma. Siku moja ilikuwa sentensi kuhusu mstari ulionyooka, kwamba mstari wa kweli una urefu lakini hauna unene hata kidogo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuona, na hata hivyo kila nyumba imejengwa kwa kuufuata.

"Nani alisema hiyo?"

"Sijui, koko. Kitabu hakina jina."

"Alikuwa na muke?"

"Sijui."

"Hakukuwa na muke. Mwanaume mwenye muke hana nafasi ya kuwaza mustari wenye hauna unene." Akaikunja ile karatasi, akaiingiza chini ya kuni, akapuliza.

Lakini wiki haikuisha, mama akagombana na jirani kuhusu mpaka wa ua, kila mmoja akionyesha kwa fimbo mahali mpaka ulipopita zamani. Koko akasema kutoka jikoni, bila kuinua kichwa, "Huo mustari hauna unene. Nani kati yenu alishauona?" Jirani akacheka mpaka akasahau fimbo yake. Ndivyo alivyokuwa. Nilichokiandika mara tano na kukichana mara tano, yeye alikisikia mara moja kando ya moto na kikakaa.

Yeye naye alikuwa na mkusanyo wake. Babu yangu alikuwa Mlega wa upande wa Pangi, na kwao mzee huweka maneno yake kwenye kamba. Anafunga kitu kidogo, mfupa au ganda au kipande cha chungu, na kila kitu kina neno lake. Anapofundisha anashika kimoja kimoja na kusema. Kamba kama hiyo ni ya wanaume. Babu alipofariki wajomba walitaka kuigawana, lakini walipoishika wakakuta hakuna hata mmoja anayeyajua maneno yote. Koko, Mbangubangu kutoka Wamaza, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akikaa pembeni akimenya muhogo, ndiye aliyeyajua. Wakanung'unika, kisha wakamwachia.

Ilining'inia juu ya kitanda chake, nyeusi kwa moshi, na vitu ishirini na sita. Gamba la kakakuona. Ganda la konokono. Kipande cha kibuyu. Jembe lililovunjika, dogo kama kidole. Alipokuwa akisema aliipitisha mkononi polepole, kutoka juu kwenda chini, na kila binti wa familia yetu aliyeolewa alipewa maneno yake siku ya kuondoka, mbele ya wanawake wote na wageni waliokuja kumchukua. Sasa ilikuwa zamu ya dada yangu mkubwa, ambaye kwetu anaitwa yaya. Alikuwa anaolewa na fundi wa pikipiki huko Salamabila, na tangu utotoni alikuwa akisema kwamba gauni anaweza kuazima, lakini maneno ya koko ni lazima.

Wiki moja na nusu kabla ya arusi, koko alikwenda Nyangwe kumwangalia mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Mama alimsindikiza. Kulikuwa na mvua, kwa hiyo kamba ilibaki.

Niliiangalia. Karibu na gamba la kakakuona zilikuwa zimebaki nyuzi mbili tu. Mtu mwenye hofu kama mimi haoni nyuzi mbili, anaona siku ya arusi, anaona kamba ikikatika mbele ya wakwe na vitu vikitawanyika chini ya viti, na bibi kipofu akipapasa vumbini. Nikaitoa ukutani, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda nayo kazini.

Nilifanya kwa upendo. Sisemi hivyo kwa kujitetea, maana naona sasa kwamba upendo ndio ulionizuia kuuliza. Nilinunua kamba mpya ya nailoni ya bluu, ile wanayofumia nyavu. Nikafungua mafundo yote na kutandaza vitu mezani, mahali pa fotokopi. Na vilipokuwa vimelala pale kwenye mwanga, nikaona vilikuwa vimekaa ovyo. Mfupa, halafu ganda, halafu mti, halafu mfupa tena. Maganda ya konokono mawili, yanayofanana kabisa. Kokwa za mchikichi mbili. Wiki ile ile nilikuwa nimetoka kuandika sentensi ya watu wa programu inayoonya kwamba jambo moja lisiandikwe mahali pawili, kwani siku moja utarekebisha moja na kuisahau nyingine. Nilijiona mwerevu sana. Nikatoa ganda moja na kokwa moja, nikavitupa nyuma ya kibanda. Vilivyobaki ishirini na vinne nikavipanga: mifupa na mifupa, maganda na maganda, miti na miti, chuma na chuma, na katika kila kundi kutoka kidogo hadi kikubwa. Kamba ya zamani, kwa kuwa ilikuwa inanuka, nikaichoma.

Sasa hili ndilo ninaloona gumu kuliandika. Sentensi ya saba katika daftari langu inasema kwamba kitu kinachofanya kazi kisiguswe kabla ya kuhifadhi nakala yake. Niliichana mara nne mpaka ikakaa sawa. Niliipigia mstari kwa rula. Na siku ile, mikono yangu ilipokuwa inafungua mafundo, haikunijia hata kwa mbali. Nilikuwa nayo kama mtu aliye na mwavuli mzuri aliouacha nyumbani.

Koko alirudi Ijumaa. Aliigusa kamba akatabasamu.

"Hii ni mupya."

"Ile ilikuwa inaoza, koko. Nimekubadilishia."

"Vitu viko vyote?"

"Viko," nikasema.

Akanipapasa kichwa. Kesho yake mchana alikaa kitandani na yaya miguuni pake, aanze kujizoeza kwa ajili ya siku ile. Nilikuwa mlangoni, nasubiri asifu. Akashika kitu cha kwanza. Vidole vikasimama. Akarudi juu, akaanza tena. Akavuta kitu cha pili, akakizungusha, akakiachia.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo. Safari imenichokesha."

Yaya akasema hakuna haraka. Koko akacheka. Siku ya pili akajaribu tena, na safari hii hakucheka. Aliipitisha kamba yote mkononi kutoka juu hadi chini, mara mbili, midomo ikicheza bila sauti, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta anaishi mtu mwingine. Ndipo nilipoelewa. Vidole vyake havikuwa vinasoma kitu kimoja kimoja. Vilikuwa vinakwenda njia, na njia hiyo nilikuwa nimeilima ikapotea.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa matano au sita tu. Badala yake nilikwenda kazini, nikafunga mlango, nikaandika programu ndogo ya mistari minne ili nijue vitu ishirini na vinne vinaweza kupangwa kwa njia ngapi. Ikanipa namba ya tarakimu ishirini na nne, kana kwamba kila kitu kwenye kamba kimetuma tarakimu moja kuja kunishitaki. Na ule mpangilio wa kweli haukuwemo hata humo, kwa kuwa vitu viwili nilikuwa nimevitupa. Nikatoka nikatafuta nyuma ya kibanda. Kokwa niliiona, nikaiokota. Ganda la konokono nilikuta vipande vyake tu kwenye alama za matairi.

Siku ya tatu nilisikia koko akizungumza na mama jikoni. Hawakujua kama niko nyuma ya ukuta.

"Tafuta mutu mwingine aseme na mutoto. Mimi kichwa kimenitoka."

"Mama, labda ni kamba. Labda alikosea kufunga."

"Nani? Huyu bwana yangu?" Koko akatoa kicheko kikavu. "Huyu anapasua karatasi nzima juu ya nukta moja. Huyu hawezi kukosea. Ni mimi. Macho yalitangulia, sasa kichwa kinafuata."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuinakili. Kurasa zote nilizochana, kumbe zilikuwa zimekuwa ushahidi wangu, na zilikuwa zinamhukumu yeye. Yaya alikuwa analia nyuma ya nyumba, akijifanya anaanika nguo. Nami nilikaa kimya. Nilijiambia kwamba nitapata njia ya kurekebisha kwanza, kisha nitasema, ili niseme kosa na dawa yake pamoja. Kila mtu anayeogopa kukosea anaujua uongo huo. Unafanana sana na uangalifu.

Asubuhi ya siku ya nne nilimpelekea karatasi kama kawaida. Ilikuwa sentensi ya falsafa, inayosema kwamba anayesema sijui amekwisha kutoka mlangoni, ingawa bado hajafika popote. Nikafungua kinywa kusoma.

"Acha," koko akasema. Akanyoosha mkono.

"Sijasoma bado, koko."

"Unisomee ya nini? Haitakaa." Akaichukua, akaikunja mara mbili, akaiingiza chini ya kuni. Akapuliza. Ikashika.

Alikuwa hajawahi kuchoma kitu asichokijua. Niliona herufi zangu zikigeuka kahawia kisha nyeusi, nikapiga magoti pale kwenye majivu.

"Ni mimi," nikasema. "Koko, ni mimi. Nilivipanga upya. Nilitoa viwili, nikavitupa. Kichwa chako hakina shida. Nilivipanga vibaya, na nilijua tangu juzi, nikanyamaza."

Moto ulilia kidogo kwenye kuni mbichi. Kisha koko akatafuta uso wangu kwa mkono, akaupata, akashika shavu na kulivuta kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka.

"Sema tena."

"Ni mimi niliyeharibu."

"Mayo!" akapiga kelele, akimwita mama yangu kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Jumamosi. "Kuja hapa! Kuja na mukemwenzangu! Kichwa changu iko! Iko mahali yake! Ni huyu mwizi mwenye ninalala naye nyumba moja!"

Mama akaja mbio na mwiko mkononi, yaya nyuma yake na kanga moja. Koko alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na bado ameshika shavu langu kama mtu aliyekamata kuku.

"Mahari yenyewe hajatoa," akawaambia, "na tayari anavunja nyumba."

Kisha akaniachia. Akasema kwa sauti ndogo, kwangu tu, "Siku ine, bwana yangu." Ilinitosha.

Tulianza upya mchana ule ule, na tulitumia michana mitatu. Niliomba ruhusa kazini. Yeye alikaa kitandani, mimi chini na vitu kwenye ungo, na kila kitu alikitaja kabla sijakishika. Ndipo nilipojua kwamba mpangilio ule haukuwa wa ovyo. Ulikuwa safari ya babu: alikozaliwa, mto aliouvuka, miaka aliyolima Kasongo, Wamaza alikomkuta msichana akimenya muhogo. Neno la kila kitu lilitokana na kile kilichotangulia. Muhogo unaloweka kisha unatwanga. Ukitwanga kisha ukaloweka, umefanya kazi zile zile mbili na huna ugali. Nilikuwa na sentensi mbili za hisabati kuhusu jambo hilo, kwamba kuna mambo ambayo ukibadilisha zamu unapata jibu jingine. Niliziandika vizuri mno.

"Gamba la kakakuona," akasema. "Ukiogopa jikunje, lakini usisahau kujikunjua." Akaninyooshea kidole. "Hilo babu yako alilifunga kabla hujazaliwa. Sijui alikuonea wapi."

Baada ya kakakuona, ganda la kwanza la konokono: mwenye nyumba mgongoni hachelewi kufika kwake. Tukaendelea, kitu baada ya kitu, mpaka kwenye jembe lililovunjika, na baada ya jembe akanyoosha mkono.

"Leta konokono wa pili."

"Ndiye yule niliyemtupa, koko. Amevunjika."

"Huyo alikuwa anasema jembe lilivunjika kwa haraka, konokono akamaliza shamba polepole."

Nikamwambia nitamtafutia mwingine, migomba nyuma ya nyumba imejaa konokono, mchana huu huu nitapata ganda linalofanana, hakuna atakayejua. Nilikuwa tayari nimesimama.

"Kaa chini," akasema. "Mimi nitajua. Funga fundo tupu."

"Fundo bila kitu?"

"Bila kitu. Hapo pana kitu sasa, lakini si konokono."

Nikafunga. Kusema kweli lilinisumbua, fundo lile tupu katikati ya kamba. Kila nilipolipita mkono wangu ulitaka kulificha.

Wageni walifika Jumamosi kutoka Salamabila kwa pikipiki sita, wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Baada ya chakula wanawake walikaa chini ya turubai, yaya katikati juu ya mkeka, uso ameuinamisha. Wanaume tulisimama nyuma. Koko alipotoa kamba yake ya bluu, shangazi wa bwana arusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko, akaanza utani.

"Aa! Wakwe zetu, koko wenu anakwenda kuvua? Mbona ameshika kamba ya nyavu?"

"Nilikwisha kuvua, mama," koko akajibu. "Samaki ndiye huyu hapa chini. Mumekuja kumuchukua hata kupara magamba hamujui."

Watu wakacheka, shangazi akapiga makofi akikubali kushindwa. Kisha koko akaanza. Sauti haikuwa kubwa. Vidole vilikwenda, na neno likaja, na vidole vikaenda. Nilimwona yaya akiitikia kwa kichwa kila mara, akihesabu labda, au akijiambia kwamba hili analikumbuka. Kakakuona. Konokono. Kibuyu. Nilikuwa nahesabu pia. Jembe.

Alifika kwenye fundo tupu, akasimama.

Nilidhani amesahau, kweli safari hii. Au atalipita kimya. Niliomba alipite kimya.

"Hapa palikuwa na konokono," akasema. "Bwana yangu, yule mwenye kusimama pale nyuma akitetemeka, alimutupa."

Vichwa vyote viligeuka. Kama ningekuwa na magamba ningejikunja pale pale.

"Alimutupa akitaka kunisaidia. Hiyo si kitu, kila mutu anavunja. Wewe nawe, mukemwenzangu, kule unakokwenda utavunja. Utavunja sahani, utavunja neno, siku ingine utavunja moyo wa mutu." Sasa uso wake ulikuwa umeelekea kwa yaya, macho meupe yakiwa juu kidogo ya kichwa chake. "Siku utavunja, sema siku ile ile. Usingoje kwanza ukitengeneze. Huyu alikaa siku ine, na mimi siku ine nilikuwa nazika kichwa changu kikiwa kizima."

Yaya alishika ukingo wa gauni la koko, akafunika nao macho. Kisha vidole vikasogea kwenye kitu kilichofuata, na maneno yakaendelea kama kawaida mpaka mwisho wa kamba.

Jioni ile walimpandisha pikipiki, mzigo wake umefungwa nyuma ya nyingine, wakaondoka. Vumbi lao lilikaa barabarani kwa muda mrefu.

Jumatatu, kibandani, niliandika maneno ya koko kwenye daftari. Niliandika kama alivyosema, kwa Kiswahili chetu, bila kuyanyoosha. Nilipofika kwenye "siku ine" kalamu ilimwaga wino, tone la ukubwa wa dengu, likafunika nusu ya neno. Mkono wangu ulishika kona ya ukurasa. Nilikaa hivyo mpaka mteja akaingia akitaka nakala mbili za cheti, nikaachia nikamhudumia. Aliponipa mgongo nikaendelea kuandika chini ya tone.

Asubuhi iliyofuata koko alikuwa jikoni, kuni zimepangwa, mkono umenyooshwa.

"Bwana yangu, karatasi."

"Leo hakuna, koko."

Mkono ulibaki hewani. "Umeacha kuandika?"

"Nimeandika. Imeharibika kidogo, lakini iko ndani."

Akaushusha mkono. "Basi isome. Hata kama haichomwi."

Nikaleta daftari, nikamsomea, pamoja na lile neno lililofunikwa. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kama anavyowasikiliza wote wale wasio na majina.

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Nani alisema hiyo?"

Kwa mara ya kwanza katika madaftari matatu, nilijua.

"Muke wangu," nikamjibu.

Akanitupia kijiti, kikanikosa. "Toka hapa, mwizi. Nenda kaniletee majani makavu ya migomba, moto haungoji."